Kinasa Rada Kiziwi

SURA YA TISA

Askari Clay Hostetler aliishika tochi yake ya kupimia mwendo kwa mikono miwili, kama mkulima anavyomshika kuku anayetaga. Ilikuwa tochi kubwa ya kizamani, rangi yake imechubuka, na waya wake umezungushiwa utepe mweusi sehemu mbili.

"Nimewapiga tochi madaktari, mapadri na mama mkwe wangu," alisema. "Haijawahi kukosea."

"Mama mkwe alilipa?" Thelma Oravec aliuliza.

"Alilipa. Krismasi ile nilikula maharage ya kopo."

Walikuwa kwenye uwanja wa polisi wa Kaunti ya Tamrick, ndani ya uzio wa waya yanakowekwa magari yaliyokamatwa. Katikati ya malori mabovu ilisimama Corvette nyekundu ya mwaka themanini na tisa, imepigwa nta hadi majani ya vuli yaliyoanguka juu yake yalikuwa yanateleza yenyewe. Mwenye gari, Rudy Palko, mstaafu wa kiwanda cha matairi cha Akron, alikuwa mahabusu ndani ya jengo hilohilo.

Habari yake ilikuwa fupi na mbaya. Jumapili asubuhi Hostetler alimpiga tochi pale Pell Corners, akienda maili sabini na moja mahali panapotakiwa arobaini na tano. Ndani ya gari, kwenye kisanduku cha zana nyuma ya kiti, ukakutwa mfuko wa vidonge vya kulevya vilivyoibwa katika duka la dawa la Norbert Applegate. Mwizi alikuwa amempiga Applegate kwa nondo kichwani, na mzee huyo alikuwa bado amelala hospitalini bila fahamu. Alhamisi Rudy angesimama mbele ya hakimu kwa wizi wa kutumia nguvu. Applegate akifariki, shtaka lingegeuka kuwa la mauaji.

Thelma aliajiriwa na wakili wa Rudy. Kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi alikuwa mkaguzi wa ajali katika kampuni ya bima, na kazi ile ilimfundisha kwamba kabla ya kuuliza nani anasema uongo, uulize ni kitu gani hakikufanya kazi yake.

Hapa kulikuwa na kitu kimoja ambacho hakikufanya kazi yake. Kilikuwa kimenata kwenye kioo cha mbele kwa vikombe vya mpira: kiboksi cheusi, ukubwa wa pakiti ya sigara. Kinasa rada. Kazi ya kinasa rada duniani ni moja tu, kupiga kelele tochi ya polisi ikiwa karibu, ili dereva apunguze mwendo kabla hajaonekana. Barabara ya Pell Corners imenyooka kama rula. Kifaa cha aina ile, kipya, kilipaswa kumpigia Rudy kelele mapema kabisa.

Thelma aliketi kwenye kiti cha dereva, akavaa glavu, akawasha swichi. Kinasa kilijijaribu chenyewe, taa zake ndogo zikiwaka mojamoja. Usoni kulikuwa na vidirisha vinne vyenye maandishi: X, K, Ka, na kimoja cha mwanga wa leza. Vitatu viliwaka. Kidirisha cha X kilibaki giza. Akazima, akawasha tena. X ikabaki giza.

"Piga," alimwambia Hostetler.

Askari alilenga tochi yake kwenye kioo cha gari, hatua chache tu mbele yake. Kinasa kilikaa kimya.

"Umepiga?"

"Nimepiga hadi kidole kinauma. Chombo chenu hicho ni kiziwi, Bi Oravec."

"Mna tochi nyingine? Mpya?"

Hostetler alikunja uso kama mtu aliyeulizwa kama ana mke mwingine. Hata hivyo aliingia ndani, akarudi na tochi ndogo ya kijivu ya polisi wa mjini, aliyokuwa ameiacha mwenzake. Alipoielekeza tu, kinasa kikapiga ukelele wa kupasua masikio, na kidirisha cha K kikawaka.

Thelma alizima swichi. Kinasa hakikuwa kibovu. Kilikuwa kinasikia tochi zote isipokuwa ya Hostetler.

"Jambo lingine," alisema, akitoka garini. "Rudy alikuwa anakimbia tu. Kwa nini ulimpekua?"

"Nani kampekua? Nilimwambia, mzee, una gari zuri. Basi! Akaruka nje. Akafungua boneti, hiyo kubwa inayolala mbele nzima. Akafungua kioo cha nyuma. Akaniambia njoo uone zana za kiwandani, hazijawahi kuguswa. Akafungua kisanduku mwenyewe, na mfuko huo hapo." Hostetler alitikisa kichwa. "Wenye Corvette wote ndivyo walivyo, ukiisifu utaoneshwa hadi skrubu. Nilimwambia mkuu wangu, sijawahi kuona mwizi wa namna hii. Akasema ndio wizi wenyewe huo, kujifanya mjinga."

"Na uso wake, alipouona mfuko?"

"Aliniuliza mimi kama ni wangu."

* * *

Duka la Darlene Yost lilikuwa kando ya barabara kuu, karibu na kituo cha mafuta cha malori. Aliuza redio za madereva, antena, na vinasa rada. Alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, na alikuwa anakula mkate wa nyama juu ya kaunta bila kuomba radhi.

"Corvette nyekundu," alisema. "Nawakumbuka, wazee wawili. Walikaa hapa hadi nikataka kuwatoza kodi ya pango."

"Walichaguaje?"

Darlene alifuta mikono, akatoa vinasa vitatu kutoka kabatini, akavipanga. "Hiki cha kwanza ni rahisi. Unawasha, kinabweka, mwisho. Hiki cha katikati kina masikio mazuri zaidi, na unaweza kukipangia kisikie nini. Hiki cha tatu ni cha watu wenye hela za kuchezea. Yule asiye na ndevu alitaka cha kwanza kwa sababu taa zake ni nyekundu, zinafanana na za dashibodi ya gari. Nikamwambia, kaka, mnanunua kinasa au hereni?"

"Na mwenzake?"

"Mwenye ndevu ndiye aliyekuwa anaongea. Alisema chukua cha katikati. Alisema mbwa usiyeweza kumnyamazisha utamchoka baada ya wiki."

Thelma aliweka kidole kwenye kidirisha cha X cha kinasa cha katikati. Kilikuwa ndugu pacha wa kile kilichokuwa kwenye Corvette. "Nieleze hii."

"Tochi za polisi hazitumii mawimbi ya aina moja. X ndiyo ya zamani kuliko zote. Tatizo lake, hata milango ya supamaketi inayojifungua yenyewe inatumia X. Kwa hiyo kinasa kinakubwekea kila ukipita dukani. Majimbo mengine polisi walishaiacha X zamani, na watu kule wanaizima wapate amani. Ohio haizimwi. Na Tamrick hasa haizimwi! Kaunti haina hela ya tochi mpya, na Hostetler hatoiachia ile yake hadi azikwe nayo. Kila Jumapili asubuhi yuko nyuma ya ghala la mahindi la Pell Corners, anawangoja wanaochelewa kanisani. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kusoma."

"Ulipowauzia, X ilikuwa imewashwa?"

"Mimi huwasha mwenyewe. Vinginevyo nisingelala usingizi."

"Kwenye gari lile imezimwa."

Darlene aliacha kutafuna. "Basi kaizima mwenyewe. Mwenye Corvette aliniuliza inazimwaje."

Thelma alihisi kesi yake ikiporomoka kama ngazi iliyowekwa kwenye tope. "Una hakika?"

"Dada, nimemwonesha kwa mkono wangu. Unabana vitufe viwili kwa pamoja, unashikilia hadi kilie, halafu unachagua. Alisema anasafiri sana kwenda Indiana. Nikamwambia Indiana sawa, lakini ukirudi Tamrick uiwashe, maana Hostetler yuko palepale. Akacheka. Akasema Hostetler alishampiga tochi akiwa kijana, kwenye pikipiki."

* * *

Rudy Palko aliletwa kwenye chumba cha mazungumzo akiwa ndani ya nguo za rangi ya machungwa zilizomzidi ukubwa. Alikuwa mtu mfupi, amenyoa ndevu vizuri hata huko ndani, na alikuwa ameficha nusu ya mkate wa soseji baridi kwenye karatasi.

"Huu mkate ni adhabu tosha," alisema. "Hakimu hana haja ya kuongeza. Gari langu limefunikwa?"

"Umenidanganya, Rudy."

Tabasamu likamfifia usoni. "Mimi?"

"Uliniambia hukuwahi kukigusa kinasa. Mwenye duka anasema uliuliza X inazimwaje."

"X ni nini?"

Thelma alimtazama. Alikuwa ameshawauliza watu wengi sana maswali ambayo majibu yake aliyajua, na alijua sura ya mtu anayejifanya hajui. Mtu wa namna hiyo hujibu upesi. Rudy alikuwa anasubiri kuelezwa.

"Ni aina ya tochi ambayo kinasa chako kimeambiwa kisiisikie."

"Kinasa changu kilikuwa kinapiga kelele wiki nzima ya kwanza, dada. Duka la mboga, kelele. Benki, kelele. Nilitaka kukitupa dirishani. Gene akasema nipe, nikufundishie. Akakaa nacho garini kidogo, kikatulia. Akasema vinasa ni kama mbwa, vinajifunza."

Gene. Thelma alilijua jina hilo kutoka kwenye maelezo ya kwanza. Eugene Sabo, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliyefanya kazi zamu moja na Rudy hadi wote wawili walipostaafu. Tangu mke wa Rudy, Irma, afariki, chakula cha Jumapili Rudy alikila mezani kwa akina Sabo.

"Siku ya kununua, nani aliendesha gari?"

"Gene."

"Corvette yako? Si ulisema hakuna mtu anayeigusa?"

"Nilitoka kwa daktari wa macho. Alinitia yale matone, nikawa naona ukungu mtupu. Nilikaa kiti cha abiria nimevaa miwani ya karatasi kama kichaa." Rudy alicheka kidogo. "Gene alifurahi sana. Alipiga honi njia nzima."

Darlene alikuwa amemwona mtu mwenye ndevu akishuka upande wa dereva, akiongea kama mwenye mali. Kwake yeye huyo ndiye aliyekuwa mwenye Corvette. Kila alichosema kilikuwa kweli, isipokuwa mtu.

"Rudy, Jumapili ile ulikuwa unaenda wapi?"

"Maonyesho ya magari, kule ziwani. Tulikuwa twende wote, yeye na lori lake nyuma. Asubuhi akaniambia mgongo umembana. Akasema pita Pell Corners, barabara ni nzuri, imenyooka, ujue gari lako linaweza nini."

"Wewe unaijua Pell Corners?"

"Mimi mtu wa Akron. Gene ndiye alizaliwa huko."

"Na ufunguo wa ziada wa gari uko wapi?"

Rudy alianza kuikunja ile karatasi ya mkate, mara mbili, mara nne, hadi ikagoma kukunjika.

"Mtu anayeishi peke yake huacha ufunguo kwa jirani," alisema polepole. "Yeye ndiye anamwagilia maua ya Irma nikisafiri. Usiende huko, dada. Tafuta njia nyingine."

* * *

Alipofika mtaa wa akina Rudy na Gene, Thelma aliona kwanza bustani ya Rudy. Majani yote yalikuwa yamefagiliwa na kuwekwa kwenye mifuko. Mapipa ya taka yalikuwa yamerudishwa mahali pake. Mtu aliyemchimbia Rudy shimo alikuwa anamtunzia nyumba.

Gene Sabo alikuwa jikoni, amejifunga aproni, anageuza kuku kwenye mchuzi mwekundu wa pilipili tamu. Alikuwa mrefu, ndevu zake nusu nyeupe nusu nyekundu. Dari ilikuwa inatetemeka kwa sauti ya televisheni kutoka ghorofani.

"Wade, punguza hiyo!" alipaza sauti, halafu akamgeukia Thelma. "Mwanangu. Ana miaka ishirini na tano na masikio ya bibi yangu. Kaa, mama, kaa. Umemwona Rudy? Anakula? Nitampelekea kuku huyu wakiniruhusu."

"Analalamikia mkate."

"Ana haki. Rudy ana mdomo wa mfalme na mfuko wa fundi." Akamwekea Thelma kahawa bila kumuuliza. "Niambie tu nifanye nini. Nimeshamwambia wakili nitakuja kumtolea ushahidi wa tabia njema. Rudy hawezi kumpiga mtu. Hata panya huwakamata kwa sanduku, kisha huwaachia kwangu."

Alisema hivyo kwa uchungu ambao Thelma aliuamini, na hilo ndilo lililomtia baridi.

Thelma alichagua maneno yake. Njiani alikuwa ameamua kwamba hatataja tochi ya Hostetler, wala duka la Darlene, wala vitufe. Angeacha pengo na kuangalia nani atalijaza.

"Mwendesha mashtaka amepata kitu kipya," alisema. "Kile kinasa rada. Kimechunguzwa, na kimechezewa. Anasema Rudy mwenyewe alikichezea, kwa hiyo Rudy si mjinga kama anavyojifanya. Anasema mtu anayejua kuchezea mashine ya namna hiyo anajua pia kuvunja duka la dawa."

Gene alicheka. Kicheko kilimtoka chote, cha miaka mingi ya kumcheka rafiki yake.

"Rudy? Rudy azime X? Mama, Rudy hajaweza kurekebisha saa ya jiko lake tangu Irma afariki, mchana huu inasema usiku wa manane! Ukimwambia abane vitufe viwili kwa pamoja atakuuliza kwa mkono upi. Hao watu wa..."

Mwiko ulikuwa hewani, ukidondosha mchuzi kwenye jiko.

"Mimi sikusema X," Thelma alisema.

Kuku aliendelea kuchemka. Gene aliweka mwiko chini, kwa uangalifu, kana kwamba ungeweza kuvunjika.

"Kila mtu anajua X."

"Kila mtu wa Tamrick. Rudy ni wa Akron. Hajui X, wala hajui Hostetler anakaa wapi Jumapili. Wewe unajua vyote viwili. Na ulijua kitu cha tatu, ambacho hata Hostetler hakukijua hadi siku ile. Ulijua kwamba Rudy akisifiwa gari atafungua kila kifuniko kwa mkono wake mwenyewe. Haikuhitajika kuwapigia polisi simu. Ilihitajika tu asimamishwe."

"Sijasema kitu."

"Na ulikuwa na ufunguo."

Ghorofani watu wa kwenye televisheni walipiga makofi. Macho ya Gene yalipanda darini yenyewe, mara moja tu, yakashuka. Yalikuwa macho ya baba. Thelma hakuhitaji kuuliza mfuko wa vidonge ulitoka chumba gani.

"Wade alivunja lile duka," Thelma alisema, kwa sauti ya chini ili isifike ghorofani.

"Una watoto, mama?"

"Sina."

"Basi hutaelewa."

"Rudy naye hana."

"Ndiyo maana," Gene alisema.

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama fundi anavyoeleza kwa nini amechagua ubao huu akaacha ule. Wazee walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe, lakini hawakusema kwamba huyo mla nawe atakaa mezani akupakulie, huku akikupima urefu wa kaburi.

Thelma aliiacha kahawa yake. Mlangoni Gene alimwita.

"Mama. Hayo niliyosema ni maneno ya jikoni. Mahakamani sijasema kitu."

* * *

Hilo lilikuwa kweli, na Thelma alimweleza Rudy hivyohivyo, bila kupamba, jioni ileile. Neno lililomponyoka mtu jikoni lingekanwa. Darlene angeweza kumtambua mtu mwenye ndevu aliyeuliza X inazimwaje, lakini kuuliza si kosa. Ili hakimu atoe hati ya kupekua chumba cha Wade Sabo kabla vitu havijahamishwa, zilihitajika habari mbili ambazo Rudy pekee ndiye angeweza kuzitoa: kwamba Gene ndiye aliyekitengeneza kinasa, na kwamba Gene alikuwa na ufunguo wa Corvette.

"Neno lako tu," alisema. "Zaidi ya hapo sina kitu. Na Applegate hali yake si nzuri leo."

Rudy alikuwa anatazama mikono yake.

"Wade ni mtoto wangu wa ubatizo," alisema. "Unajua? Nilimshika mimi. Alinikojolea suti, padri akacheka hadi akasahau maneno."

"Sikujua."

"Gene angekuja mlangoni. Hatua tano, sita. Angesema, Rudy, kijana ameharibu. Ningeuza Corvette kesho yake nimtafutie wakili mzuri. Ningeiuza kwa mtu wa kwanza kupita. Asingehitaji hata kunibembeleza." Akafuta pua kwa mkono wa shati. "Angeniomba tu."

Thelma alimsogezea leso.

"Labda alitishwa," Rudy alisema. "Labda kijana alimlazimisha. Ulimwuliza? Ulimwuliza kwa nini mimi?"

Thelma aliwahi kuwaficha watu mambo kwa kuwahurumia, wakati wa kazi ya bima, na hakukumbuka hata mmoja aliyefaidika. "Nilimwambia kwamba wewe huna watoto. Akasema, ndiyo maana."

Rudy alilisikiliza neno hilo kama mtu anayesikiliza injini, akitafuta ni wapi panagonga. Kisha aliketi wima, akavuta kola ya lile shati la rangi ya machungwa kana kwamba lilikuwa suti.

"Washa mashine yako."

Thelma aliweka mashine ya kurekodia mezani, akabonyeza. Kanda ikaanza kuzunguka. Rudy alitaja jina lake na anwani yake. Alieleza siku ya kununua kinasa, matone ya macho, nani aliendesha na nani aliongea na mwenye duka. Alieleza nani alikaa garini kukitengeneza hadi kikanyamaza, na nani alimwambia apite Pell Corners. Sauti yake haikuyumba hata kidogo. Ilikuwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya kufunga mashine.

"Ufunguo wa ziada wa gari lako ulikuwa na nani?"

"Eugene Sabo. Kwenye ndoano, ndani ya mlango wa jikoni kwake."

"Kuna mtu mwingine aliyekuwa na ufunguo?"

"Hakuna."

"Eleza kwa ajili ya hakimu. Wewe na Eugene Sabo mnafahamianaje?"

Kanda ilizunguka. Upande wa pili wa mlango mlinzi alikohoa, akaenda zake.

"Namjua kwa sura," Rudy alisema.

Thelma alinyoosha mkono, akasimamisha mashine. "Rudy, hii itasikilizwa mahakamani. Nahitaji jibu la kweli."

"Hilo ndilo la kweli, dada. Washa."